Wanaume Wawili Kwenye Skrini: Kumbukumbu ya Mtazamaji wa Tamthilia za Asia

Tamthilia za kimapenzi zinazohusu wanaume wawili zimekuwa tawi zima la televisheni ya Asia. Zinatengenezwa kwa wingi Thailand, na pia Japani, Taiwan, Korea Kusini na Ufilipino. China nayo imezitengeneza kwa njia yake ya kuficha, itakayoelezwa hapa chini. Mashabiki huziita BL, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mapenzi ya wavulana. Kisa chenyewe huwa chepesi kukisimulia: vijana wawili wa chuo, au wafanyakazi wawili wa ofisi moja, wanakutana, wanavutana, wanakwepana, na mwishowe wanakubaliana kuwa pamoja. Kinachomfunga mtazamaji ni yale yanayopita katikati.

Mizizi iko Japani ya miaka ya 1970. Wachoraji wanawake kama Hagio Moto na Takemiya Keiko walianza kuchora, kwenye magazeti ya katuni ya wasichana, hadithi za wavulana waliopendana katika shule za bweni za Ulaya. Watunzi walikuwa wanawake na wasomaji walikuwa wasichana. Desturi hiyo ikaingia kwenye riwaya, kisha kwenye riwaya zinazotolewa sehemu kwa sehemu mtandaoni, na humo ndimo tamthilia nyingi za leo zinamochotwa. Thailand ilirusha Love Sick mwaka 2014 kutokana na riwaya ya namna hiyo. Miaka miwili baadaye ikaja SOTUS, kisa cha wanafunzi wa uhandisi na desturi ya wakubwa kuwatesa wageni wa chuo, na biashara ikashika kasi. Asili hii inaeleza uzuri wa tamthilia hizi na upungufu wake pia, kwani kwa muda mrefu wanaume wanaopendana walikuwa wa kuandikwa tu, kalamu ikiwa mkononi mwa mwingine.

Mtazamaji ambaye kumbukumbu zake zinasimuliwa hapa ni mkazi wa Mombasa, na alizifikia tamthilia hizi mwaka 2020, wakati wa korona. Kenya ilianza kafyu ya usiku mwishoni mwa Machi mwaka huo. Miezi ileile 2gether, tamthilia ya Thailand, ilikuwa ikirushwa Bangkok kila Ijumaa na kuwekwa YouTube ikiwa na manukuu ya Kiingereza, kwa hiyo mwenye bando na iyafoni aliweza kuitazama kitandani milango ikiwa imefungwa. Tine, mwanafunzi wa sheria, anaandamwa na kijana anayempenda ambaye yeye hamtaki. Ili amkwepe, anamwomba Sarawat, mpiga gitaa anayetajwa na chuo kizima, ajifanye mpenzi wake. Sarawat anakubali kwa shingo upande. Baadaye sana inajulikana kwamba alikuwa amempenda Tine tangu walipoonana zamani kwenye tamasha la muziki, akamtafuta bila kumpata.

Jambo la kwanza lililomshtua mtazamaji ni kwamba hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyefukuzwa nyumbani, hakuna aliyekufa. Kwa mtu aliyekulia Kenya hilo lilikuwa geni kabisa. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana jijini Nairobi, ilipigwa marufuku mwaka 2018, na mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu. Mwaka 2021 marufuku kama hiyo iliikuta I Am Samuel, filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha halisi ya mwanamume wa Kenya na mpenzi wake. Penzi la namna hii lilijulikana kama kesi, aibu au msiba. Kuliona likihusu gitaa, mtihani na nani atamnunulia nani chakula kulimpa mtazamaji pumziko ambalo hakuwa amejua kwamba analihitaji.

Jambo la pili lilikuwa kinyume cha ugeni. Thailand ni nchi ya kuheshimu umri. Mdogo humwita mkubwa wake phi na kumwamkia kwa kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa, na hata wapenzi wanaopishana mwaka mmoja hubaki na wito huo. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa. Katika SOTUS, Kongpob, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anasimama mbele ya wenzake wote na kumjibu Arthit, mkubwa wao wa mwaka wa tatu, tena kwa sauti ya utulivu. Mtazamaji wa Mombasa huhisi uzito wa utovu huo wa adabu kabla hajamaliza kusoma manukuu. Pengine ndiyo sababu tamthilia za Asia, hizi na nyinginezo, hupokelewa kwa urahisi Afrika Mashariki: baba akisema neno, chumba kizima hunyamaza, na penzi lolote lazima lipite mbele ya wazazi.

Katika zote alizozitazama mwaka ule, iliyomkaa zaidi ni Cherry Magic ya Japani, iliyorushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba kutokana na katuni za Toyota Yuu. Adachi ni mfanyakazi mpole wa kampuni ya vifaa vya kuandikia. Anatimiza miaka 30 bila kuwahi kuwa na mpenzi, na tangu siku hiyo anasikia mawazo ya kila anayegusana naye. Ndani ya lifti iliyojaa, mwili wake unagusana na wa Kurosawa, kijana mtanashati wa idara ya mauzo ambaye kila mtu ofisini humsifu, na Adachi anasikia kwamba Kurosawa anampenda mtu. Mtu huyo ni yeye. Machida Keita, aliyemwigiza Kurosawa, anafanya kazi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Uso ni wa mfanyakazi mwenye adabu anayesalimia wenzake, na sauti ya ndani ni ya mtu anayekaribia kulia kwa furaha kwa sababu nywele za Adachi zimesimama kisogoni.

Mtazamaji alicheka, akarudisha nyuma, akacheka tena. Kilichomfanya asiisahau, hata hivyo, ni sehemu ya saba, ambapo kisa kinahamia upande wa Kurosawa. Maisha yake yote amesifiwa kwa sura yake, na sifa hiyo imemfanya mpweke, kwa kuwa hakuna anayemtarajia achoke au ashindwe. Usiku mmoja wa kazi mambo yakamwendea vibaya, akalewa, na Adachi akamkalisha na kumwambia kwamba ni vizuri kumwona akiwa hivyo, dhaifu kama wengine. Penzi lote limetoka kwenye maneno hayo. Humo mna fundisho ambalo mtazamaji alilichukua na kulitumia kwa watu wake mwenyewe: wanaosifiwa sana ndio wanaoulizwa hali kwa nadra.

Sehemu za mwisho zinakwenda mbali zaidi. Kipawa cha kusikia mawazo kinageuka mzigo. Adachi anajua kila kitu kilichomo moyoni mwa mwenzake, na mwenzake hana habari. Anaanza kujiuliza kama angethubutu kumpenda Kurosawa bila msaada huo, na mwishowe anamwambia ukweli ingawa anaweza kumpoteza. Tamthilia nyingi za mapenzi, za wanaume kwa wanawake pia, huruka swali hilo la haki ya kumjua mtu bila ruhusa yake. Cherry Magic ililisimamia. Udhaifu wake uko kwenye woga wa mwisho: wapenzi wanasogeleana ndani ya lifti ileile, na milango inafungwa kabla ya busu. Mashabiki wengi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Wapenzi wa tamthilia za kawaida wasingefungiwa mlango.

Zipo zilizopokelewa kwa uchungu. TharnType ya Thailand ya mwaka 2019 ilipata mashabiki wengi mno, na waigizaji wake wawili ni hodari. Lakini mapema kabisa Tharn anamshika mwili mwenzake Type, ambaye amelewa na hajitambui, na tamthilia inalichukua tendo hilo kama hatua ya kwanza ya mapenzi. Type huyohuyo aliumizwa na mtu mzima utotoni, na ndicho chanzo cha chuki yake kwa wanaume wanaopenda wanaume, kama Tharn. Kuweka mambo hayo mawili ndani ya kisa kimoja na kuyamaliza kwa busu ni kosa la utunzi na la utu. Mtazamaji aliizima, akairudia baadaye ili aielewe, na maoni yake hayakubadilika. Busu la kulazimisha limejaa katika tamthilia za zamani za aina hii. Kwa vile wote wawili ni wanaume, watunzi walidhani nguvu zinalingana na hakuna anayedhurika.

Tabia nyingine ya kuchosha ni kumfanya mmoja kuwa mke. Kongpob, katika ile sehemu ya kwanza ya SOTUS, anamtishia Arthit mbele ya wote kwamba atamfanya mke wake. Umati unashangilia, na kuanzia hapo kila mmoja ana nafasi yake: huyu wa kufuata, huyu wa kufuatwa. Desturi hiyo ilitoka kwenye katuni za Japani, ambamo wapenzi waligawanywa kwa majukumu yasiyobadilika. Iko pia kauli inayorudiwa hadi kukera, ya kijana anayeapa kwamba hapendi wanaume, anampenda huyu mmoja tu. Kauli hiyo humwacha mpenzi salama na kuwatupa nje wenzake wote wanaofanana naye.

Bad Buddy, iliyoongozwa na Noppharnach Chaiwimol na kurushwa kuanzia mwishoni mwa 2021, ndiyo iliyoonyesha kwamba ugonjwa huo unatibika. Pat na Pran ni majirani, na wazazi wao ni mahasimu wa biashara waliowalea kushindana katika kila kitu, kuanzia alama za shule hadi muziki. Wanapoanza kupendana wanaendelea na mashindano: nani atakiri kwanza. Hakuna mkubwa wala mdogo, na hakuna anayeshangaa kwamba anayempenda ni mwanamume. Kikwazo ni wazazi na uongo wa zamani uliofichwa na mmoja wao. Vijana hawa wanatoroka, wanarudi, na mwishowe wanajenga maisha ambayo wazazi wanayajua bila kuyakubali kwa mdomo. Mtazamaji aliitambua mara moja hali hiyo ya kujua na kunyamaza. Familia nyingi za pwani ya Kenya zinaishi hivyo, na si kuhusu jambo hili peke yake.

China ni habari nyingine. Mwaka 2016 tamthilia iitwayo Addicted, kuhusu wavulana wawili wa shule, iliondolewa mitandaoni kabla sehemu zake za mwisho hazijaonyeshwa. Tangu hapo watengenezaji walichukua riwaya za mapenzi ya wanaume na kuzigeuza hadithi za urafiki. Iliyofana zaidi ni The Untamed ya mwaka 2019, yenye sehemu 50, kutokana na riwaya ya Mo Xiang Tong Xiu. Ndani ya riwaya Wei Wuxian na Lan Wangji wanakuwa wapenzi. Kwenye tamthilia neno hilo halitamkwi hata mara moja, kwa hiyo kila kitu kimehamishiwa kwenye macho, vitambaa na muziki. Watu wa ukoo wa Lan hufunga utepe mweupe kwenye paji la uso, na mtu wa nje haruhusiwi kuugusa. Haki hiyo ni ya wazazi, watoto na mwenzi. Ndani ya pango la baridi, Lan Wangji anauvua wake na kuufunga kwenye mkono wake na mkono wa Wei Wuxian ili amkinge na hatari. Hasemi kitu. Asiyejua maana ya utepe huona kamba, na anayejua huona ndoa.

Mtazamaji aliipenda The Untamed kwa dhati, akajifunza humo kusoma uso wa mwigizaji kuliko alivyowahi kujifunza kwingine. Wapo wanaosema kwamba marufuku ndiyo iliyoifanya iwe nzuri. Hoja hiyo haifai kukubaliwa. Uzuri ule ni wa mwongozaji, waigizaji na mtunzi, na walioonyesha werevu chini ya mkono mzito wangeonyesha zaidi wakiwa huru. Mwaka 2021, baada ya Word of Honor kufuata njia hiyohiyo na kupata mafanikio makubwa, mamlaka za utangazaji za China zilikaza kamba dhidi ya tamthilia zinazotokana na riwaya hizi, na hata mlango huo mwembamba ukafungwa.

Taiwan ilikwenda upande mwingine. Sheria ya ndoa za jinsia moja ilianza kutumika huko tarehe 24 Mei 2019, na ndoa za kwanza zikasajiliwa siku hiyo. Siku ileile, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu vya sheria ya adhabu vinavyoharamisha mahusiano hayo, vilivyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Anayetazama tamthilia ya Taiwan akiwa Mombasa hubeba tarehe hiyo moja yenye nyuso mbili. Ndiyo maana mwisho wa HIStory3: Make Our Days Count, ya mwaka huohuo wa 2019, ulimuumiza. Yu Xigu, yatima mwenye bidii ya masomo, anapendwa na Xiang Haoting, anapata kwa mara ya kwanza familia inayomwandalia chakula, kisha anakufa kwa ajali katika sehemu ya mwisho. Kifo hakikutayarishwa na kisa hakikukihitaji. Mashabiki walikasirika kwa sababu wanaijua desturi ndefu ya kuwaua wapenzi wa namna hii, na nchi iliyokuwa imetoka tu kuwaruhusu waoane haikuwa na sababu ya kuirudia.

Tamthilia iliyomfundisha mtazamaji mambo mengi kuliko zote ina mabusu machache na chakula kingi. What Did You Eat Yesterday? ya TV Tokyo, ya mwaka 2019, inatokana na katuni za Yoshinaga Fumi. Kakei Shiro, anayeigizwa na Nishijima Hidetoshi, ni wakili wa umri wa makamo. Kenji, anayeigizwa na Uchino Seiyo, ni msusi. Wanaishi pamoja kwenye nyumba ya kupanga. Shiro hutoka kazini mapema, hupita supamaketi kutafuta bidhaa zilizoshushwa bei, na kupika ili matumizi ya chakula yasizidi yeni 25,000 kwa mwezi. Kenji hula na kusifu. Kila sehemu inaonyesha upishi mzima, kuanzia kukata mboga hadi kupakua.

Ndani ya utulivu huo mna mgogoro halisi. Kenji hafichi maisha yake, naye Shiro huyaficha kazini na kuogopa kuonekana wakitembea pamoja. Katika sehemu ya kwanza Shiro anagundua kwamba Kenji amemsimulia mteja wa saluni kuhusu yeye, anakasirika, na Kenji anauliza kwa nini wengine wote wanaruhusiwa kuwataja wenzi wao naye hapana. Swali hilo halijibiwi siku hiyo. Linajibiwa kidogo kidogo, miaka ikipita, hadi Shiro anapompeleka Kenji kwa wazazi wake siku za mwaka mpya. Meza imeandaliwa, mama anahangaika na vyombo, baba hajui aseme nini, na Kenji analia kwa furaha kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba siku hiyo ingefika.

Tamthilia duni ingeishia hapo. Filamu ya mwaka 2021 iliendelea. Baada ya ziara mama aliugua kwa mawazo, na wazazi wakamwomba mwana wao asimlete tena Kenji mwaka mpya. Wanampenda mtoto wao na wamejitahidi, lakini nguvu zao ziliishia hapo. Shiro anaamua kuupokea mwaka mpya na Kenji. Mtazamaji alisimamisha filamu kwenye tukio hilo, akakaa nalo. Watu wengi hudhani mzazi ama hukubali ama hukataa, na hawana jina la mzazi anayekubali siku moja na kushindwa ya pili. Yoshinaga alimwandika mzazi huyo bila kumtukana, na akamwandika mwana anayechagua bila kuvunja undugu.

Moonlight Chicken ya Thailand, ya mwaka 2023, iko karibu na hiyo kwa thamani. Jim ana mgahawa wa wali kuku Pattaya, ana madeni, na anamlea mpwa wake Li Ming. Kijana huyo anampenda Heart, ambaye ni kiziwi, na anajifunza lugha ya ishara ambayo wazazi wa Heart hawakujifunza. Hapa tena wapenzi wamewekwa kati ya kodi, jamaa na wateja, na penzi lao linapata uzito kwa sababu lina majirani.

Kuhusu waigizaji, maneno machache yanatosha. Kampuni za Thailand huuza jozi za waigizaji pamoja na tamthilia zao. Waigizaji wawili husafiri pamoja, hutangaza bidhaa pamoja, na mashabiki huhimizwa kuamini kwamba wanapendana kweli. Ubaya wa mashabiki kujifunga hivyo na waigizaji ulionekana Aprili 2020, Bright Vachirawit wa 2gether alipoonyesha kupendezwa na picha zilizoiita Hong Kong nchi. Mashabiki wa China walimgeukia, wakamvamia pia msichana aliyekuwa akihusishwa naye, Wathai wakajibu mapigo, na watu wa Taiwan na Hong Kong wakaungana nao katika kile kilichoitwa Muungano wa Chai ya Maziwa. Kwa harakati za demokrasia lilikuwa tukio kubwa. Kwa kijana mwigizaji na msichana yule lilikuwa shambulio. Mtazamaji aliacha kufuatilia maisha ya waigizaji tangu hapo, na starehe yake haikupungua.

Sheria ya ndoa kwa wote ilianza kutumika Thailand tarehe 23 Januari 2025, ya kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia. Ilipatikana kwa juhudi za wanaharakati waliosukuma miswada bungeni miaka mingi, na tamthilia zilichangia kwa kuzoesha macho ya watu. Msomaji anayetaka kuzijua aanze na What Did You Eat Yesterday?, afuatishe Moonlight Chicken na Bad Buddy, na The Untamed aitengee muda wa kutosha. TharnType anaweza kuiacha bila hasara.